Treni ndogo za dizeli za Marekani: mambo yanayowakatisha watu tamaa bure

Wadau, kuna watu kibao wanaipenda hii hobi ya treni za modeli, hasa vichwa vya dizeli vya Marekani na Kanada, ila wanaacha kabla hawajanunua hata kipande kimoja cha reli kwa sababu ya maneno waliyosikia huku na kule. Mengi sio kweli. Kinachoamua kama utaifurahia au utaichoka sio hela wala ukubwa wa nyumba, ni kuchagua mapema unaiga reli ipi, sehemu gani na miaka ipi, basi.

Dhana: lazima uwe na chumba kizima.

Hapana. Skeli inayopendwa zaidi Marekani ni HO, yaani kitu kimepunguzwa mara 87, na inayofuata ni N, mara 160. Kichwa kama SD40-2 cha kampuni ya EMD, kile halisi, kina karibu mita 21, kwenye HO kinakuwa sentimita 24 hivi, kwenye N sentimita 13, unakishika kwa mkono mmoja.

Hapa ndipo wengi wanapotea, wanakimbilia shiti nzima ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, wanazungushia reli mduara, wanasema hii ndogo ndogo inatosha kuanzia. Sasa jiulize, ukiisukuma ukutani mkono utafika vipi upande wa pili treni ikianguka? Haufiki. Inabidi uache njia ya kupita pande karibu zote, kwa hiyo hiyo shiti inakula nafasi kubwa kuliko rafu nyembamba ya sentimita 30 au 40 inayofuata ukuta. Na kwenye rafu unapata mchezo mzuri kuliko duara. Upo mpango maarufu unaitwa Inglenook, aliubuni Mwingereza Alan Wright, njia tatu tu, moja inaingiza mabehewa matano na nyingine mbili matatu matatu, unakuwa na mabehewa manane na unatakiwa kupanga treni ya matano kwa mfuatano uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwa HO, ukitumia mabehewa mafupi ya futi 40, yote hiyo inaingia chini ya mita 2, na inaiga kazi halisi kabisa ya reli ndogo za Marekani ambako kichwa kimoja kinapeleka mabehewa machache kiwandani na kurudi.

Dhana: chukua kichwa kikubwa, ndio kizuri.

Kichwa cha ekseli sita kama SD40-2 kinataka kona pana. Kona ya nusu kipenyo cha inchi 18, sentimita 46 hivi, ndiyo inayokuja kwenye seti nyingi za kuanzia, na hapo vichwa virefu vinaning'inia nje ya reli na mabehewa ya kubeba magari, yale ya futi 89, mara nyingi yanaanguka. Kwa nafasi ndogo chukua ekseli nne, GP7, GP9 au GP38-2. Hivi havikuwa vya mazoezi, vilifanya kazi kila kona ya Amerika Kaskazini na baadhi ya GP38-2 bado vinapiga mzigo mpaka leo.

Dhana: dizeli ni maboksi tu, zote sawa.

Hii inaniuma kweli. GP38-2 na SD40-2 zote zilianza 1972, zote zina injini ya EMD 645 ya silinda 16, lakini ya kwanza haina tabo (turbo, ile inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) na inatoa nguvu za farasi 2,000, ya pili ina tabo na inatoa 3,000, na mlio wao ni tofauti kabisa, ukizoea unazijua hata umefumba macho. Halafu kuna watengenezaji wengine, kuna ALCO zenye moshi mweusi, kuna GE. Waliokulia karibu na reli Kenya wameshaisikia familia hiyo, vile vichwa vya daraja la 93 ni GE U26C. Na sio kwamba injini ya dizeli inazungusha magurudumu moja kwa moja, inazungusha jenereta, umeme ndio unaenda kwenye mota za ekseli.

Dhana: nunua unachokipenda, utapanga baadaye.

Baadaye haifiki, unabaki na kabati la vitu visivyoendana. Reli zenyewe zimebadilika kila kipindi: kampuni ya reli ya BNSF ilizaliwa 1995 kwa kuunganisha Burlington Northern na Santa Fe. Nyingine, Conrail, ilianza 1976 na njia zake zikagawanywa 1999 kati ya kampuni za CSX na Norfolk Southern. Behewa la gadi nyuma ya treni za mizigo lilianza kupotea miaka ya 80, miaka hiyo hiyo kontena za kubebeana mbili mbili zikashika kasi. Ukichagua mfano Conrail ya mwaka 1980 Pennsylvania, kila kitu kinajijibu, rangi, mabehewa, hata magari ya barabarani, na hela haipotei.

Kuhusu hela, ni kweli kichwa kipya chenye sauti kinaweza kuzidi dola 300. Ila vya zamani vya Athearn, kampuni ya modeli, visivyo na sauti viko tele kwenye maonyesho ya treni na watu wanaviuza kwa bei ya kawaida sana. Kichwa kimoja kizuri, mabehewa manane, swichi mbili za kubadilisha njia, umeanza.

Dhana: bila DCC haina maana. DCC ni mfumo ambao kila kichwa kina dikoda na namba yake, unaendesha viwili njia moja bila kugombana. Safi sana, lakini kwa rafu ya kichwa kimoja umeme wa kawaida wa DC unatosha. Ila kuwa makini, kichwa kisicho na dikoda usikiache kimesimama kwenye reli ya DCC, mota inalia na inaweza kuungua.

Reli zinazoitwa nickel silver hazina fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki. Usizisugue na msasa, unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu, tumia kitambaa na spiriti.

Na mlioko nyumbani Afrika Mashariki mkiagiza seti kutoka Marekani, angalieni transfoma kwanza, nyingi ni za volti 120, ukichomeka kwenye 230 au 240 inakufa hapo hapo. Tafuta iliyoandikwa 100 mpaka 240.