Uangalizi wa kiakiolojia: jinsi kuta za Enzi za Kati zinavyojitokeza kwenye mtaro wa bomba

Uangalizi wa kiakiolojia ni kazi ya mwanaakiolojia kusimama pale mafundi wanapochimba kwa shughuli zao wenyewe, akitazama udongo unavyotoka, huku makubaliano ya maandishi yakimruhusu kusimamisha kazi kitu cha kale kikionekana. Usiuchanganye na uchimbaji wa utafiti. Mtaro huu haukupangwa na msomi mwenye swali. Umepangwa na fundi bomba anayetafuta njia fupi ya kufikisha maji taka kwenye karo.

Nchini Uingereza kazi hii hufanyika mara nyingi kwenye majumba makubwa ya mashambani yaliyojengwa na makabaila. Mengi siku hizi hupokea watalii, na watalii wanataka vyoo, maegesho na mkahawa. Lolote kati ya hayo ni kuchimba. Mwaka 1989 mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, wa enzi za Shakespeare, yalifukuliwa London mahali palipokusudiwa kujengwa ofisi, na watu wakaandamana kuyatetea. Mwaka uliofuata serikali ilitoa mwongozo ulioitwa PPG 16, uliofanya akiolojia iwe sehemu ya maamuzi ya vibali vya ujenzi, gharama zikimwangukia anayejenga. Miongozo imebadilika tangu hapo, lakini msingi huo umebaki.

Kwa nini basi chini ya bustani ya kabaila kuwe na jengo la karne ya 13, yaani la Enzi za Kati? Mara nyingi jibu ni Mfalme Henry VIII. Kati ya 1536 na 1540 alizifunga nyumba za watawa, na ardhi ya nyumba hizo ikaishia mikononi mwa wakubwa wa serikali na matajiri. Lacock, abasia (nyumba kubwa ya watawa) ya masista iliyoanzishwa 1232, iliuzwa kwa William Sharington. Akabomoa kanisa, akahifadhi ua wa ndani wenye varanda, akaishi humo. Mottisfont ilikwenda kinyume. Mfalme alimpa William Sandys priori hiyo (nayo ni nyumba ya watawa) kwa kubadilishana na vijiji vya Chelsea na Paddington, ambavyo leo ni mitaa ya London (sijui nani angekubali biashara hiyo sasa), naye Sandys akaligeuza kanisa lenyewe kuwa nyumba yake. Kwa hiyo kabla kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, hakijawashwa, mwanaakiolojia huwa ameshauliza: mwenye nyumba wa kwanza alibomoa nini, na alibakiza nini? Mahali pengine kilichobomolewa kilikuwa mji mzima. Huko Milton Abbas, katika karne ya 18, Lord Milton aliuondoa mji uliokuwa jirani na jumba lake ili apate mandhari.

Siku ya kazi, kijiko hufungwa koleo pana lisilo na meno, kwa sababu meno huchana udongo na kuficha mipaka ya rangi. Huparua tabaka jembamba, kisha jingine. Macho yanatafuta mstari ulionyooka: chokaa nyeupe, mawe yaliyopangwa, vipande vya vigae vya paa. Mara nyingi ukuta wenyewe haupo. Mawe ya kuchonga yalikuwa mali, yakang'olewa hadi kwenye msingi na kupelekwa kujengea kwingine, na kilichobaki ni handaki lililojaa vumbi la chokaa na vifusi. Handaki hilo nalo ni ushahidi, maana linafuata njia ileile ya ukuta. Hapo mashine huzimwa, mwiko na brashi vikashika kazi, kisha zikafuata picha, michoro na vipimo vya kina.

Kuupa ukuta umri ndiko kunakodanganya watu. Jiwe lenye nakshi za karne ya 14 likikutwa kwenye mfereji wa karne ya 18 halithibitishi jengo la karne ya 14 mahali hapo. Limetumika tena tu. Kigae cha chungu kilichonaswa chini ya sakafu ambayo haijavurugwa kina uzito zaidi, kwa kuwa sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kilichozikwa chini yake.

Mpaka wa njia hii ni upana wa mtaro. Unatazama chumba kupitia tundu la ufunguo: unaona kona, huoni kama ni jiko, ghala au bweni la watawa. Ndiyo maana mimi huamini zaidi ripoti inayosema "ukuta wa mawe, huenda ni wa Enzi za Kati" kuliko kichwa cha habari kinachotangaza kasri lililopotea. Vilevile, mtaro mtupu hauthibitishi kwamba pembeni yake hakuna kitu.

Ukuta uliopatikana kwa kawaida haubebwi wala hauachwi wazi. Hufunikwa kwa kitambaa maalumu na mchanga, bomba likapindishwa kidogo au kuinuliwa, udongo ukarudishwa. Ripoti huingia kwenye kumbukumbu za mambo ya kale za kaunti, ili mtu mwingine akiomba kibali cha kuchimba hapo, afisa ajue cha kumwekea sharti.