Azania Front: usharika ulioanza kabla ya mnara

Azania Front ni kanisa kuu la Kilutheri Dar es Salaam, na kuna kauli tano kuhusu historia yake ambazo nazisikia mara kwa mara. Nazijibu moja moja.

"Ulutheri Dar es Salaam umeletwa na Wachaga"

Desemba ikielekea ukingoni, mabasi ya Moshi yanajaa, mabenchi kanisani yanapungua watu, na hutakosa wa kusema, "Walutheri wameenda kwao." Kauli hii inanikera, kwa sababu inawafuta Wazaramo katika historia yao wenyewe. Mmisionari Mjerumani Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Wamisionari wa Leipzig, chama kingine cha Kijerumani, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, miaka sita baadaye. Kabla ya hapo, Walutheri wa pwani walikuwa wameshafungua misheni Kisarawe, mwaka 1892, na Maneromango ikafuata mwaka 1895. Ni kweli kwamba waliohamia kutoka kaskazini wamezijaza sharika za jiji na kuzijenga kwa jasho na fedha zao. Lakini walikuta nyumba ina wenyewe.

"Usharika ulianza kanisa lilipojengwa"

Jengo tunalolipiga picha, lenye mnara wa vigae vyekundu unaotazama bandari, lilianza kujengwa mwaka 1898. Kufikia hapo watu walikuwa wanasali mjini kwa zaidi ya miaka kumi. Na tukiwa hapohapo: mnara mrefu uliochongoka jirani yake ni wa Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki. Wageni huyachanganya kila siku.

"Wakristo wa kwanza walikuwa watu wa Wajerumani tu"

Hapa ndipo pana mengi ya kusema. Anayedai kwamba misheni na ukoloni vilikuwa mbalimbali kabisa naye hasemi kweli. Chama kilichomtuma Greiner kiliundwa Berlin mwaka 1886, na miongoni mwa waliokiasisi alikuwemo Carl Peters, yule yule aliyezunguka bara akiwasainisha machifu mikataba ya hila. Hilo tusilifiche.

Ila tuwatazame waliokaa kwenye mabenchi. Wengi wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Manowari zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa wakakabidhiwa misheni, ya Kilutheri na ya Kikatoliki pia. Hebu fikiria mtoto aliyetembezwa kutoka bara hadi pwani, akapakiwa jahazini, kisha akateremshwa Dar es Salaam bila ndugu wala mtu wa kuongea naye lugha ya mama yake. Misheni ndiko alikopata kulala, kula na kujifunza kusoma. Wapo waliokulia hapo, wakaoana, wakapata watoto. Kumwita mtu huyo kibaraka ni kumwonea mara ya pili.

Wala hawakukaa salama. Vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la Abushiri, vilifika hadi huku. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini kule Pugu ilivamiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa; misheni ya Greiner nayo ilishambuliwa. Waliokwisha kuonja utumwa wakajikuta katikati ya vita ambavyo hawakuvianzisha.

"Bila Wazungu kanisa lisingesimama"

Lilisimama. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini, kisha wakaondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Muda wote huo walimu na wainjilisti Waafrika ndio walioongoza ibada, wakafundisha watoto na kuzika wafu. Mmoja wao ni Martin Ganisya, jina ambalo kila mwanafunzi wa kipaimara mjini hapa angestahili kulijua kama anavyolijua la Luther. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 Wajerumani waliondolewa tena, na safari hii Walutheri wa Sweden na wa Marekani wakasaidia kuziangalia sharika zilizoachwa.

"KKKT ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa kamili"

Hakuna aliyeileta. Wajerumani walileta vyama vya misheni vilivyogawana maeneo, na hata huku kwetu kazi ilibadili mikono mwaka 1903, chama kilichomtuma Greiner kilipoikabidhi Uzaramo kwa Misheni ya Berlin, shirika kongwe zaidi. Yaliyozaliwa humo ni makanisa kadhaa, kila moja na utawala wake. Juni 19, 1963, saba kati yake yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, likiwemo la Uzaramo na Uluguru, ambalo leo ni Dayosisi ya Mashariki na Pwani, yenye kanisa kuu lake hapo Azania Front.