Uraibu wa gemu: usihesabu saa tu, tazama alichokiacha

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu, kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali, amebeba kikapu cha sokoni. Alipoketi akatoa ndani yake mashine ya PlayStation, nyaya zikining'inia, akaiweka mezani kama mtu anayekabidhi kielelezo polisi. "Hii ndiyo iliyomharibu mwanangu. Kaeni nayo nyinyi." (Kisa hiki nimekisuka kutoka kwa familia kadhaa tulizozihudumia, kwa hiyo asijitafute mtu humu.)

Nilimuuliza kijana hucheza saa ngapi kwa siku. "Kutwa," akajibu. Kutwa ni saa ngapi hakujua, maana yeye hutoka alfajiri kwenda gengeni kwake na hurudi baada ya magharibi. Nikageuza swali: ni kitu gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakifanyi tena? Hapo hakusita. Mpira wa jioni aliuacha tangu mwezi wa Ramadhani. Binamu yake, waliyekuwa kama pete na kidole, siku hizi akija huishia sebuleni na watu wazima. Hata ukoko wa wali, ambao zamani aliugombania na dada zake, sasa unabaki kwenye sufuria.

Swali la kwanza lilitupa neno moja. La pili lilitupa karibu kila tulichohitaji ili kuanza kazi.

Wazazi wengi hutujia na hesabu ya saa, na siwalaumu, kwa sababu saa ndiyo inayoonekana. Lakini kijana anaweza kucheza saa tano Jumamosi ya likizo, akazima, akaoga, akaenda kwa wenzake, na asiwe na tatizo lolote. Mwingine anacheza saa mbili tu, ila ni kuanzia saa nane usiku, chini ya shuka, kwa bando alilolinunua kwa nauli ya shule, na wiki hii ameshadanganya mara tatu kuhusu hilo. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumwona.

Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Humo uraibu wa michezo ya video umetajwa kwa jina lake, jirani na uraibu wa kamari. Mtaalamu hutafuta mambo matatu. Mtu ameshindwa kuutawala mchezo: aanze lini, acheze kwa muda gani, aishie wapi. Mchezo umepanda daraja maishani mwake ukapita chakula, masomo, ndugu na kazi. Na anaendelea, pengine anazidisha, ingawa madhara anayaona mwenyewe. Hali hiyo iwe imeyavuruga maisha yake kweli, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12 au zaidi, isipokuwa pale ambapo dalili zote zipo na ni nzito. Hapo hakuna sababu ya kusubiri mwaka uishe. Katika mambo hayo matatu hakuna idadi ya saa.

Wapo watafiti walioupinga uamuzi huo, wakihofia kwamba watoto wanaocheza kama watoto watabandikwa jina la ugonjwa. Hofu yao naiheshimu. Wengi wa wanaocheza gemu si waraibu wala hawatakuwa, na nimewahi kuwarudisha nyumbani wazazi waliokuja na mtoto mwenye afya kabisa ambaye kosa lake lilikuwa kupenda gemu kuliko hesabu.

Sasa, nyumbani kwetu dalili hizi zina sura gani?

Mara nyingi pesa ndiyo hutangulia kusema. Kwenye vibanda vya gemu mtaani mtoto hulipia mechi au muda, na mashine inayowekwa pesa kidogo kidogo haichoki kupokea. Chenji ya sukari inapungua. Hela ya chakula cha shuleni haifiki shuleni, na mtoto anarudi na njaa isiyoelezeka. Kwa wenye simu, bando linaisha kabla ya siku yake, au mzazi anakuta kwenye taarifa za pesa za simu malipo madogo madogo asiyoyajua: mtoto ameijua namba ya siri na ananunua almasi, nguo za mchezaji au silaha za kwenye gemu. Kumtuma dukani saa kumi akarudi usiku umeingia ni jambo la utoto. Likiwa kila siku, na kila siku na hadithi mpya, lifuatilie.

Kisha usingizi. Mwalimu ndiye anayeliona hili kabla ya mzazi, kwa hiyo nenda kamuulize. Mtoto aliyelala saa kumi alfajiri hawezi kulificha hilo darasani. Macho makavu na mekundu, kidole gumba na kifundo cha mkono vinavyouma, kuruka kuoga na kula, hivyo navyo vitazame, ila peke yake havithibitishi kitu.

Hasira inataka maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wazazi. "Nilimnyang'anya simu akapiga kelele kama mwenye mashetani, basi ni mraibu." Si lazima. Gemu nyingi zinazochezwa na watu kupitia intaneti hazisimamishwi katikati. Ukitoka, timu yako inabaki pungufu, na gemu lenyewe linaweza kukuadhibu. Ni sawa na kumtoa mtoto uwanjani dakika ya 85 kwa kumshika sikio. Atakasirika. Pima urefu wa hasira: je, imeisha kabla ya chakula cha usiku, au siku ya tatu bado hali, halali, hazungumzi, anazunguka nyumba kama aliyepotelewa na kitu, na anatulia tu akirudishiwa simu? Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kilipopendekeza dalili 9 mwaka 2013, kiliiweka hali hiyo ya kuteseka unapokosa gemu kuwa mojawapo. Kiliweka pia uongo kwa familia kuhusu muda anaocheza, na kucheza ili kukimbia huzuni au hofu. Kwa uzoefu wangu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na nitairudia.

Lakini mshiko huu unatoka wapi? Mwaka 1998 watafiti huko London waliwachunguza ubongo wanaume 8 wakiwa wanacheza gemu la kuendesha kifaru cha vita, na wakaona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo, ikiongezeka. Waliocheza vizuri zaidi ndio ilioongezeka zaidi kwao. Hilo peke yake si jambo la kutisha, maana chakula kitamu nacho hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba sahani ina mwisho. Gemu za siku hizi zimetengenezwa zisiwe na mwisho: kuna zawadi ya kila siku unayoikosa usipoingia, msimu mpya kila baada ya wiki kadhaa, na masanduku ya bahati ambayo hujui yana nini mpaka uyafungue. Tuzo isiyotabirika humshika kiumbe kuliko tuzo ya uhakika. Wanasaikolojia walilijua hilo kwa njiwa na panya miongo mingi kabla ya simu, na wanaotengeneza gemu wanalijua pia. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya aina hiyo yanayouzwa kwa pesa ni kamari chini ya sheria zake.

Kwetu mpaka huo ni mwembamba zaidi. Kibanda cha gemu na mashine ya kamari inayomeza sarafu vinaweza kuwa kwenye uchochoro mmoja, na simu aliyochezea mpira jana ndiyo anayobetia leo. Tanzania hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu ya baba haimuulizi mtoto umri wake. Ukikuta kijana anazungumzia odi, yaani viwango vya malipo ya kubeti, badala ya magoli, ujue umeshahamia tatizo jingine, na pesa zitakwenda kwa kasi kubwa zaidi.

Turudi kwa kijana wa yule mama. Mashine ile alikuwa nayo kwa miaka miwili bila shida. Ndipo akafeli mtihani wa kidato cha pili, akarudia darasa, na wenzake wote wakapanda kidato cha tatu. Uwanjani jioni walikuwa wale wale wenzake. Kwenye gemu hakuna aliyejua kwamba amerudia. Huko alikuwa nahodha. Mpira aliuacha kwa aibu, na gemu likajaza nafasi iliyobaki wazi. Ungeiondoa mashine peke yake, aibu ingebaki palepale.

Ndiyo maana swali ninalowapa wazazi ni hili: gemu linampa nini asichokipata kwingine? Wapo tuliowakuta na sonona, wapo wanaoonewa shuleni, wapo walioshindwa kutulia darasani tangu darasa la kwanza na gemu ndilo jambo pekee wanaloliweza. Na tusiwasahau watu wazima, kwani tunawaona pia. Kijana mwenye digrii anayengoja ajira mwaka wa tatu hakuna anayempandisha cheo popote, ila gemu humpandisha kila usiku. Mkewe anaona uvivu. Mimi naona mtu anayetafuta mahali pa kuhesabika.

Kuhusu kukataza, zipo nchi zilizojaribu kwa sheria. Korea Kusini mwaka 2011 iliwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za intaneti kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri. Miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta sheria hiyo. China mwaka 2021 iliruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nyumbani hakuna haja ya ukali huo, na kuivunja simu ukutani ndiyo njia mbaya kuliko zote: mtoto anahamia kibandani, na wewe unapoteza simu pamoja na mahali pa kumwona.

Anza na daftari. Kwa wiki moja andika ameanza saa ngapi, ameacha saa ngapi, nani alimwachisha, na ni kitu gani kiliahirishwa kwa ajili ya gemu. Zungumza naye akiwa ametulia, si katikati ya mechi. Mkubaliane kwa mechi badala ya dakika; "mbili kisha unazima" inatekelezeka kuliko "nusu saa". Usiku simu zote zichajiwe chumba kimoja, ya baba ikiwemo, na hapa ndipo akina baba wengi hunitazama vibaya. Kisha chagueni kitu kimoja tu kati ya vile alivyoviacha, mkirudishe. Kwa kijana yule ilikuwa mpira, lakini kwenye uwanja wa mtaa wa pili.

Wiki nne hivi zikipita bila mabadiliko, au masomo na kazi vimeshaanguka, njooni kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu. Hatuna kidonge cha uraibu wa gemu. Tiba ni mazungumzo ya wiki kadhaa yanayolenga fikra na mazoea, na familia huhusishwa. Kukiwa na sonona au tatizo jingine chini yake, hilo nalo linatibiwa. Akitamka kwamba hataki kuishi, msisubiri hata kesho: siku hiyo hiyo hospitalini. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya msaada.

Mashine ya yule mama nilimrudishia siku ileile. Mkija nanyi, msiache daftari, na kama simu ndiyo inayochezewa, kijana aje nayo ikiwa na chaji, atuonyeshe mwenyewe anachokicheza.