Je, wajua kwa nini umeme hautoi sodiamu kwenye maji ya chumvi?

Pale Nunge, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, maji ya bahari huachwa kwenye majaruba yakapigwa na jua mpaka chumvi ikabaki. Chumvi hiyo ni muungano wa sodiamu na klorini. Mwanafunzi anayesoma elektrolisisi, yaani kuchanganua vitu kwa umeme, ana haki ya kuuliza: tukipitisha umeme kwenye maji hayo kabla hayajakauka, mbona upande wa hasi hutoka haidrojeni badala ya sodiamu?

Jibu linalozunguka sana kwenye madaftari ya kuazimana ni kwamba sodiamu hutoka kwanza, kisha papo hapo huyavamia maji, na haidrojeni tunayoiona ni zao la vurugu hiyo. Linashawishi, maana aliyewahi kuona kipande cha sodiamu kikitumbukizwa majini anajua kinavyochachamaa. Lakini si kweli, na afadhali tulivunje taratibu, kwa sababu linaficha jambo zuri zaidi.

Tuanze na nishati. Sodiamu ikikutana na maji hutoa joto jingi. Kuirudisha ilikotoka lazima uilipie nishati hiyo. Kwa kipimo kinachoihesabu haidrojeni kuwa sifuri, ioni ya sodiamu (chembe yake yenye chaji chanya) haipokei elektroni, ile chembe ndogo ya umeme hasi, mpaka isukumwe kwa volti 2.71. Maji yasiyo asidi wala besi huzipokea kwa 0.41 tu, na hata yakishakuwa besi kali ni 0.83.

Fikiria pipa lenye tundu kubwa ubavuni, nawe unalijaza kwa mpira. Maji yakifika usawa wa tundu, yanatoka. Fungulia bomba zaidi: yatatoka kwa kasi zaidi, lakini ukingoni hayafiki. Ukingo ndio sodiamu, tundu ndiyo molekuli za maji, na mpira ni betri yako. Tundu lenyewe si dogo: lita moja ya maji ya bahari ina takribani moli 55 za maji (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), na sodiamu haifiki hata nusu moli.

Ushahidi unaweza kuuona kwa betri mbili za tochi. Kupata sodiamu na klorini kutoka maji ya chumvi kungedai volti 4 na ushei. Betri hizo zikiungwa mfululizo hutoa 3. Hata hivyo vipovu hutoka! Weka msumari upande wa hasi, na ule mkaa mweusi wa ndani ya penseli upande wa chanya. (Ukigeuza, msumari utaliwa na maji yatachafuka rangi ya kutu.) Tia matone ya maji ya rosela yasiyo na sukari. Kandokando ya msumari wekundu hugeuka kijani, dalili ya hidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya watengeneza sabuni. Kwenye mkaa rangi hupauka, na harufu kama ya Jik husikika. Fanyia nje, kwa dakika chache tu, kwani klorini ni sumu.

Lipo pahali ambapo jibu la madaftarini ni sahihi. Katika miaka ya 1890 wanakemia Hamilton Castner na Karl Kellner walitumia zebaki upande wa hasi. Juu ya zebaki haidrojeni hutoka kwa shida sana, na sodiamu huyeyukia humo humo ndani ya zebaki. Tundu limezibwa, kwa hiyo sodiamu hutoka kwelikweli, kisha hupelekwa kwenye chombo kingine ikamenyuke na maji. Vinginevyo, anayetaka sodiamu tupu huyaacha maji kabisa na kuiyeyusha chumvi yenyewe, ambayo ikiwa safi hudai nyuzi 801 za Selsiasi.

Upande wa chanya, hesabu ya volti peke yake haitoshi. Ingetosha, oksijeni ingetoka kabla ya klorini. Lakini kuunda molekuli moja ya oksijeni kunataka elektroni nne ziondolewe kwenye molekuli mbili za maji, kazi inayokwenda polepole, na klorini inaipita njiani. Ndiyo maana maji ya jaruba yaliyokolea chumvi hutoa klorini kwa wingi. Ukiyazimua sana, oksijeni huanza kuongezeka.