Uzi wa mshono hauozi mwilini

Hapa Wete, mama aliyeshonwa baada ya kujifungua huambiwa na wakubwa zake: uzi usipotolewa utaozea ndani. Sivyo. Uzi wa poliglaktini, unaotumika sana, huvunjwavunjwa na maji ya mwilini. Kufika wiki ya 3 umebakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, na nyama imeshaanza kushikana. Wote hunyonywa ukaisha kati ya siku 56 na 70. Ncha ikichomoza, mfano wa uzi uliofumuka kwenye kofia ya kiua, nakuomba mwanangu usiivute wala usiikate. Itaanguka yenyewe. Usaha, harufu mbaya au homa, hapo wahi hospitali. Nyuzi za nailoni za juu ya ngozi, hizo kweli hutolewa.