Kiassam si Kibengali, na Sivasagar si ziwa

Muhula huu nimesahihisha insha kumi na moja kuhusu wilaya ya Sivasagar, jimboni Assam, kaskazini mashariki mwa India, na tisa kati yake zinaanza kwa wimbo uleule: wenyeji "huzungumza Kiassam, lahaja ya Kibengali". Kalamu yangu nyekundu imekauka. Naandika hapa mara moja, anayetaka anakili.

Kiassam si lahaja ya Kibengali. Ni ndugu, wenye asili moja, ila kila mmoja ana mji wake. Ushahidi umo katika jina lenyewe la wilaya. Kwao huandikwa শিৱসাগৰ. Herufi hii, ৱ, na ile inayofunga neno, ৰ, hazimo katika alfabeti ya Kibengali cha leo. Sasa litamke. Mbengali atasema "Shibshagor". Mwenyeji husema kitu kama "Khiwokhagor", na hiyo kh ni ya kheri na Khamis. Neno moja tu, na tayari herufi mbili na sauti moja zimeshawaumbua watu tisa. Ndiyo maana kila mwaka nawasihi wanafunzi: kabla hujafungua kitabu chochote, tafuta jina la mahali kama wenyewe wanavyoliandika.

Ukitaka sarufi, sarufi ipo. Kusema "sili", Mbengali husema khai na, kikanushi kikifuata kitenzi. Muassam husema nakhaon, kikanushi kikitangulia na kushikamana na kitenzi. Sisi ambao hatuwezi kukanusha bila ha- na si- mwanzoni tulipaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Uvumi huu ulizaliwa ofisini. Mkataba wa Yandabo wa 1826 uliiweka Assam mikononi mwa Kampuni ya Uhindi Mashariki ya Waingereza, na mwaka 1836 Kibengali kikafanywa lugha ya mahakama na shule. Makarani wengi walitoka Bengal. Ilikuwa rahisi kwao kusema kwamba lugha ya mkulima ni Kibengali kilichoharibika. Jibu lilitoka Sivasagar. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walikuwa na mtambo wa kupiga chapa mjini hapo, na mwaka 1846 wakaanza kutoa jarida la Orunodoi kwa Kiassam. Mwaka 1855 Anandaram Dhekial Phukan, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka thelathini, alitoa kijitabu cha kuitetea lugha yake. Kamusi ya Miles Bronson ikafuata 1867. Kiassam kikarudi mahakamani na shuleni mwaka 1873. Miaka 37! Na bado mwanafunzi wangu anarudia hoja ya karani.

Wala msirukie upande wa pili mkaniambia wamisionari ndio waliokiandika Kiassam kwanza. Makarani wa wafalme wa Kiahom, waliotawala Assam kabla ya ukoloni, walikuwa wakiandika buranji, yaani kumbukumbu za historia ya ufalme, kwa nathari ya Kiassam zaidi ya karne moja kabla ya Mwingereza kufika. Anayechukizwa akisikia Kiswahili ni Kiarabu kilichopinda asimfanyie mwenzake yaleyale.

Tukiwa kwa hao Waahom: hawakuwa watawala waliotumwa kutoka Delhi. Sukaphaa, mtu wa jamii za Tai, alivuka milima ya Patkai akitokea upande wa Burma ya leo mwaka 1228, na ukoo wake ukatawala karibu miaka 600. Majeshi ya Mughal, milki ya huko Delhi, yalijaribu mara kadhaa kuwameza. Mwaka 1671, huko Saraighat, jemadari wa Waahom, Lachit Borphukan, aliyashinda mtoni Brahmaputra. Kilichowameza Waahom ni Kiassam chenyewe, maana polepole waliiacha lugha yao ya Kitai wakachukua ya raia wao. Makaburi yao ya vichuguu, moidam, yako Charaideo, ambayo sasa ni wilaya ya peke yake, kwa hiyo acheni kuyaandika chini ya Sivasagar. Yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Ziwa? Jina Sivasagar maana yake ni bahari ya Shiva, mungu wa Wahindu, lakini hayo maji mnayoyaita ziwa ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, kazi ya Malkia Ambika, mke wa mfalme Siva Singha, miaka ya 1730. Hekalu la Sivadol liko ukingoni mwake.

Halafu chai. Hapana, Waingereza hawakuuleta mmea wa chai Assam kutoka China; Wasingpho, kabila la huko, walikuwa wakiutumia zamani, na ndio waliomwonyesha mfanyabiashara Mskoti Robert Bruce mwaka 1823. Sehemu kubwa ya chai inayochumwa Kericho ni ya aina hiyohiyo ya mmea wa Assam. Na hapana, wachumaji wa mashamba ya Sivasagar si wakulima wa Kiassam wa tangu jadi. Wengi ni wajukuu wa Waadivasi, watu wa makabila ya asili ya India, waliosombwa kutoka nyanda za juu za Chota Nagpur na jirani zake katika karne ya 19, na majumbani mwao utasikia lugha ya Kisadri. Maniram Dewan, Mhindi wa kwanza kufungua mashamba ya chai ya kibiashara, alinyongwa na Waingereza mjini Jorhat mwaka 1858, kisha mashamba yake yakapigwa mnada.