Mfumo endeshi ni nini? Kwa anayeanza kazi kwenye kompyuta asiyoizoea

Huku kwetu magharibi mwa Kenya, mtu akisema amesomea kompyuta huwa anamaanisha pakeji, yaani kozi fupi ya programu za ofisi kama Word na Excel. Ukipita Kakamega, Busia au Kisumu utaona mabango ya vyuo vidogo juu ya maduka, wanafunzi wamejipanga kwenye ngazi. Nami nilipitia huko, kisha nikakaa kwenye saiba moja ya Kakamega, duka la huduma za kompyuta na intaneti, miaka minne nikiwachapia watu barua za kuomba kazi na kuwajazia fomu za kodi. Nilipopata nafasi ya ukarani wa rekodi katika kituo cha afya upande wa Kisumu, niliulizwa kwenye mahojiano kama ninaijua kompyuta. Nikasema ndiyo. Sikudanganya, niliamini hivyo kabisa.

Asubuhi ya kwanza niliwasha mashine, ikafunguka kwa rangi ya zambarau na machungwa. Kitufe nilichozoea kubofya kwanza hakikuwepo. Nikatafuta diski C, ambako Windows niliyoizoea huweka faili, nisiione. Msimamizi wetu, mama wa makamo, akanisogelea akasema, "Nyathina (mwanangu), hiyo ni Ubuntu. Hakuna C humo." Nikamwitikia, "Sawa, mama," na moyoni nikajua kwamba pakeji ilinifundisha mengi ila haikuwahi kunieleza mfumo endeshi ni nini.

Mfumo endeshi, ambao wengine huuita mfumo wa uendeshaji, ni programu kuu inayoamka kompyuta inapowashwa na kukaa macho hadi izimwe. Husimama kati ya vyuma vya kompyuta na programu nyingine zote. Windows ni mfumo endeshi. Ubuntu ni mwingine, macOS ya kompyuta za Apple ni mwingine, na Android iliyo kwenye simu yako vilevile. Word, Excel na Chrome hazimo katika kundi hili. Hizo ni programu tumizi, wapangaji ndani ya nyumba, na mfumo endeshi ndio wenye funguo, maji na stima.

Tuchukue jambo dogo kabisa. Unaandika jina la mgonjwa, unabonyeza herufi K. Kibodi yenyewe haijui herufi, inatuma namba ya kitufe tu. Mfumo endeshi unaipokea namba hiyo, unaangalia kibodi imepangwa kwa lugha gani, unaangalia ni dirisha lipi liko mbele, kisha unaikabidhi programu yenye dirisha hilo. Programu nayo haiwezi kujichorea kwenye skrini itakavyo, inapitia kwa mfumo. Ukihifadhi, inauomba tena: niandikie hili kwenye diski. Mfumo ndio unaojua diski ina nafasi wapi, jina hilo limeshachukuliwa au la, na kama wewe uliyeingia una ruhusa ya kuandika mahali hapo. Wakati huohuo unagawa muda wa prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa programu kadhaa, vipande vidogo mno hata unaona zote zinakwenda pamoja, na unazigawia kumbukumbu ili moja isikanyage kazi ya nyingine.

Kila mfumo hufanya kazi hizi kwa desturi zake. Programu iliyoandikwa kuzungumza na Windows huomba kwa lugha ya Windows, na ndiyo sababu faili inayoishia na .exe haifunguki tu ukiibofya kwenye Ubuntu. Haijaharibika. Imebisha hodi kwenye nyumba ambako lugha yake haisemwi.

Tukirudi kwa ile C, ina historia, na nilipoijua nikaacha kuitafuta. Kompyuta za IBM za mwaka 1981, zilizoendeshwa kwa DOS, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, zilitumia diski laini, nazo zikaitwa A na B. Diski ngumu ilipoingia ikapewa herufi iliyofuata. Diski laini zimetoweka, C imebaki. Unix, mfumo endeshi mwingine, ilikuwa imeshachagua njia nyingine. Hiyo ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ndani yake kila kitu ni tawi la mti mmoja ambao shina lake huandikwa kwa mkwaju peke yake: /. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo kwa mtindo huohuo wa Unix, kikaitwa Linux. Ubuntu imejengwa juu ya kiini hicho. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, likiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la kusini mwa Afrika ambalo Mswahili halimpigi chenga: ni utu. Kiini cha Linux ndicho pia kilicho ndani ya Android. Kwa hiyo mimi niliyedhani sijawahi kuigusa Linux, nilikuwa nikiingia nayo kwenye matatu kila siku.

Kwa hiyo faili zangu zilikuwepo, chini ya /home, katika folda yenye jina la akaunti ninayoingilia. Flashi nayo, ambayo kule saiba ilikuwa E au F kutegemea bahati, huku hujitokeza pembeni kwa jina lake, kama tawi lililopandikizwa kwenye mti uleule.

Sasa, kwa nini kuhama kunachosha hivi, wakati kazi ni ileile? Waulize madereva wa malori wanaotoka Kisumu kwenda Kigali. Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, na wakivuka Katuna kuingia Rwanda wanahamia kulia. Dereva hajasahau kuendesha. Gia, breki, mzigo, yote anayajua. Kinachomsaliti ni mkono na jicho, ambavyo vimeshazoea kutenda bila kumuuliza. Anapofika kwenye mzunguko inabidi afikirie jambo ambalo hakulifikiria kwa miaka kumi. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Wiki mbili za kwanza nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku zozote za saiba, na kurasa nilizochapa zilikuwa chache. Naliandika hili kwa ajili ya dada au kaka aliye katika wiki hizo sasa hivi na ameanza kujiona mjinga.

Kuna makosa yaliyonifunza kuliko maelezo yoyote. La kwanza ni la herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida Windows huona "Ripoti" na "ripoti" kuwa jina moja. Linux huziona faili mbili tofauti. Nilikuwa na ripoti ya mwezi inayoitwa wateja_Machi, na siku moja, kwa haraka, nikahifadhi nakala mpya kama wateja_machi. Zikakaa pamoja kwenye folda, pacha wawili, moja ikiwa na wagonjwa wa kliniki ya Alhamisi na nyingine bila. Nikatuma isiyokamilika. Msimamizi alipopiga simu kuuliza Alhamisi imekwenda wapi, nilifungua faili yangu nikamwapia kwamba imo. Ilikuwa imo, katika ile nyingine. Tangu hapo majina yote ya faili zangu ni herufi ndogo tupu, na badala ya nafasi naweka mstari wa chini.

La pili ni la Ctrl na C. Tunatumia skrini nyeusi ya kuandikia amri, inayoitwa tamino (terminal), kuandaa nakala rudufu ya data jioni. Maneno yalikuwa yakipita, nikaona mstari mmoja una onyo. Nikataka kuunakili nimtumie fundi. Nikauburuta kwa kipanya, nikabonyeza Ctrl na C kama nilivyofanya mara elfu. Maneno yakasimama. Ndani ya tamino, vitufe hivyo viwili huamuru kazi inayoendelea ikatishwe, na maana hiyo ni kongwe kuliko ile ya kunakili. Nakala rudufu ilikuwa imekatika katikati. Fundi hakunikaripia. Aliniambia, "Dada, humo ndani ongeza Shift," kisha tukaanza upya. Kunakili kwenye tamino ya Ubuntu ni Ctrl, Shift na C pamoja.

Hapohapo niliogopeshwa na neno la siri. Fundi aliniambia niandike amri inayoanza na sudo, kisha niweke neno la siri. Nikaandika, hakuna kilichotokea. Hakuna nyota, hakuna vitone. Nilidhani kibodi imekufa. Toleo letu halionyeshi chochote unapoandika, ili anayechungulia begani asijue hata lina herufi ngapi. Unaandika gizani, unabonyeza Enter, basi. Na hii sudo yenyewe ndiyo moyo wa mambo ya ruhusa. Mfumo hutofautisha mtumiaji wa kawaida na msimamizi mwenye mamlaka yote, na sudo humpa mtumiaji aliyeruhusiwa mamlaka hayo kwa amri moja tu. Windows ina jambo kama hilo, lile dirisha linalouliza kama unakubali programu ifanye mabadiliko, ila kule saiba tulikuwa tunabofya ndiyo bila kusoma. Ukiletewa sudo, soma amri nzima kwanza. Na ukifuta faili kwa amri ya rm, haipitii pipa la taka, imekwenda.

Si hasara tupu. Muuguzi mmoja alileta flashi aliyoambiwa saiba kwamba haina kitu, imejaa viungo vya mkato (shortcut) visivyofunguka. Nilipoichomeka kwangu, folda zake zote zilikuwepo, hata picha za ubatizo wa mwanawe. Virusi vya aina hiyo huzibandika faili alama ya kufichwa inayoheshimiwa na Windows, na kuweka viungo bandia mahali pake. Ubuntu haikuijali alama hiyo, ikaonyesha vyote. Tulinakili faili zake tu, tukaiacha ile takataka, flashi tukaisafisha kabla haijarudi kwenye kompyuta ya Windows.

Kuhusu uandishi wa barua na majedwali sina mengi. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Ukiona meza imesogea au ukurasa umeongezeka, mara nyingi ni kwa sababu fonti iliyotumika kule haimo huku.

Na programu ya kazi yenyewe haikubadilika hata kidogo, jambo ambalo lilinituliza. Rekodi za wagonjwa tunazijaza kupitia kivinjari, na kivinjari ni kilekile. Historia hiyo ina mizizi huku kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za kompyuta, na kutokana na kazi iliyoendelea Eldoret pakatokea OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, iliyoanza kutumika huko mwaka 2006 na sasa hutumika katika nchi nyingi. KenyaEMR inayotumiwa katika vituo vyetu imejengwa juu yake. Programu hizi ni huria, hazilipiwi leseni, na kwa kawaida seva zake, yaani kompyuta kuu zinazotunza rekodi hizo, huendeshwa kwa Linux. Ndiyo maana karani wa kijijini anaweza kukutana na Ubuntu kabla ya mhasibu wa mjini.

Ukihamishiwa kompyuta za Apple, mzigo ni mwepesi zaidi ila una mtego wake. Mengi uliyofanya kwa Ctrl utayafanya kwa kitufe cha Command, kilicho jirani na kitufe cha nafasi, kwa hiyo ni kidole gumba kinachofanya kazi. Kitone chekundu hufunga dirisha, lakini mara nyingi programu hubaki hai. Kuizima ni Command na Q. Na flashi iliyoumbizwa kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, itasomeka, ila hutaweza kuandika juu yake bila kuongeza programu nyingine.

Nadhani wengi zaidi watakutana na mabadiliko haya. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Ofisi yenye mashine hizo itanunua mpya, au itaziwekea Linux ziendelee. Vyuo vyetu vingetenga hata juma moja tu kuwaonyesha wanafunzi mfumo wa pili. Kijana akishaona kwamba kila mfumo una mahali pa faili, una ruhusa na una njia ya kufungua programu, hatatetemeka mbele ya wa tatu.

Mimi siku ya kwanza niliogopa kuuliza, nikapoteza siku tatu. Ningerudi nyuma, ningemuuliza fundi mambo machache kabla ya kugusa chochote. Mfumo huu ni upi na toleo lipi? Kwenye Ubuntu namba yenyewe inasema: 22.04 ni ya Aprili 2022. Faili zangu zinakaa wapi, na zipi zinaonwa na wenzangu? Printa inaitwaje? Nikitaka programu mpya, naruhusiwa kuiweka mwenyewe au nakuomba wewe? Na nakala rudufu huandaliwa saa ngapi, ili saa hiyo mikono yangu ikae mbali na kibodi.